Dondoo muhimu: Mlango wa matatu unapogoma kuteleza

Kwenye matatu za viti 14 zinazosimama Salgaa zikielekea Nakuru au Eldoret, mlango wa abiria haupumziki kutwa nzima. Ukianza kukwama, usikimbilie grisi. Grisi juu ya vumbi hugeuka tope linalosaga beringi.

Fungua mlango wote, kisha kagua reli tatu: ya juu, ya katikati ubavuni kwa nje, na ya chini penye kidato. Ya chini ndiyo huumia zaidi, maana hupokea changarawe na matope ya viatu. Kwangua uchafu kwa bisibisi bapa, sugua kwa mswaki mkuukuu uliochovywa mafuta taa, kisha pangusa hadi kitambaa kitoke safi. Sasa zungusha kila rola kwa kidole. Inayokwaruza, inayochezacheza au iliyolika upande mmoja ibadilishwe. Hakuna mafuta yatakayoifufua. Zilizo nzima zipe tone la mafuta mepesi, au silikoni ya kupuliza.

Mlango ukiteleza vizuri lakini ukakataa kushika mwishoni, huenda umeinama upande wa nyuma. Weka alama ya chaki mahali mkono wa rola ulipo, legeza kidogo bolti zake, mwenzako anyanyue mlango, kaza tena. Kondakta kuubamiza kila steji kunaua kitasa tu.

Na mlango usioshika usifungwe kwa kamba gari likaendelea na kazi. Mteremko wa Sachangwan, kwenye barabara hiyohiyo ya Nakuru–Eldoret, si mahali pa kujaribia fundo.