Mtoto Aliyekabidhiwa Kazi

Somo la familia. Someni kwanza Danieli 1:1-17 na 2 Wafalme 5:1-5.

 

Mwezi uliopita vijana wawili wa kanisa letu, waliosoma sekondari Mbarara na kuwa skauti huko, walikusanya watoto katika uwanja ulio nyuma ya kanisa. Walikuwa na filimbi, kamba, na skafu za shingoni walizoshonewa na fundi wa sokoni. Watoto wakapanga mistari, wakaanza kupiga hatua, kushoto, kulia. Mara mama mmoja akatoka mbio jikoni kwake, akamshika mwanawe mkono, akamwondoa kwenye mstari bila kusema neno. Jioni akaja kwetu. Akasema, "Mchungaji, mimi nilishaona vijana wakipigiwa filimbi namna hiyo. Najua walikopelekwa."

Hatukuwa na jibu la haraka. Hata sisi, tulipoisikia ile filimbi kutoka ndani ya nyumba, moyo ulishtuka kabla akili haijatuambia kwamba ni watoto wa Shule ya Jumapili. Katika nchi tulizotoka, vijana walikusanywa chini ya miti, wakafundishwa nyimbo, wakafundishwa mwendo, wakapewa rungu, kisha panga, kisha bunduki. Wengine walikuwa bado hawajaota ndevu. Hatutaji majina ya makundi hayo hapa, maana katika ibada yetu moja hukaa watu waliokimbia makundi tofauti, na kila nyumba inalijua lake. Kwa hiyo mama yule hakukosea. Wazee wa kanisa walituomba tuchunguze jambo hili na tuliandike, ili wazazi waamue wakiwa na habari kamili.

Tuanze na skauti wenyewe. Aliyeanzisha chama hicho ni Mwingereza, Robert Baden-Powell, mwanajeshi. Wala tusifiche: alikuwa askari wa dola ya kikoloni, na mwaka 1896 alipigana na Waafrika katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900 yeye na watu wake walizingirwa na Makaburu katika mji wa Mafeking, Afrika Kusini, kwa siku 217. Askari walikuwa wachache, ndipo wavulana wa mji wakapewa kazi ya kupeleka barua na ujumbe, kwanza kwa punda, baadaye kwa baiskeli. Baden-Powell aliona kwamba mtoto akiaminiwa kazi ya kweli huifanya. Mwaka 1907 akawachukua wavulana wapatao ishirini hadi kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, baadhi wana wa matajiri, baadhi wana wa wafanyakazi, akawalaza pamoja katika mahema. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na chama kikaenea duniani.

Hapa tunatabasamu kidogo. Wenzetu waliwatoa watoto wao kwenye nyumba nzuri ili waonje kulala hemani, kuteka maji, kuokota kuni na kupika nje. Watoto wetu wa Nakivale wamezaliwa katika hayo! Mtoto wa miaka saba hapa anajua kufunga turubai kabla mvua haijafika, anajua kisima kipi kina foleni fupi. Kama hema ndilo lingemtengeneza mtu, basi makazi yetu yangekuwa yametoa marais wa kutosha. Tukajiuliza, ni kitu gani basi kilichowasaidia wale watoto?

Tumeangalia maisha ya watu kadhaa waliopitia vikundi hivi utotoni. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alikuwa skauti huko Ohio, Marekani, akafika ngazi ya juu kabisa. Julai 1969, akiwa njiani kwenda mwezini, aliwatumia salamu maskauti waliokuwa kambini huko Idaho. Kati ya watu 12 waliotembea juu ya mwezi, 11 walipitia skauti. Habari hiyo inafurahisha vijana, lakini mwezi uko mbali nasi, tuiache hapo.

Wazazi wenye mabinti waliuliza kama hili ni jambo la wavulana tu. Hapana. Lipo tawi la wasichana, Girl Guides. Elizabeth, aliyekuwa baadaye malkia wa Uingereza, aliingia humo mwaka 1937 akiwa na miaka 11, katika kikundi kilichoanzishwa palepale kwenye jumba la mfalme. Mwaka 1945, wakati wa vita, alijifunza kuendesha na kutengeneza magari ya jeshi, mikono ikapata grisi kama ya mafundi wa gereji Mbarara. Ikiwa binti wa mfalme alifunzwa kufungua gurudumu, binti zetu wasizuiwe kujifunza zaidi ya kufagia.

Desmond Tutu anatugusa zaidi. Alizaliwa mwaka 1931, baba yake mwalimu wa shule, mama yake mpishi na mtumishi wa ndani. Katika Afrika Kusini ya siku hizo watoto weusi hawakuruhusiwa kukaa kundi moja na weupe, wakatengewa kikundi chao kilichoitwa Pathfinder (si kile cha Watafuta Njia wa Wasabato mnachokijua). Tutu aliingia humo, na kati ya beji alizopata moja ilikuwa ya upishi. Hatusemi kwamba beji ndiyo iliyomfanya askofu mkuu wa Cape Town mwaka 1986. Kanisa, wazazi na vitabu vilifanya kazi kubwa zaidi. Ila tunakumbuka Julai 1985 huko Duduza: vijana wenye hasira walimshika mtu waliyemshuku kuwa ni mpelelezi, wakataka kumchoma moto. Tutu, akiwa amevaa mavazi yake ya kiaskofu, aliingia katikati ya kundi lile, na yule mtu akaondolewa akiwa hai. Wale vijana nao walikuwa kundi, nao walikuwa na nyimbo. Wengi wetu tunajua hali kama hiyo ilivyo, na tunajua kwamba mara nyingi hakutokea mtu wa kuingia katikati.

Sasa tufike kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki Mei 2025. Hatumleti kama mfano wa imani. Shuleni alikuwa Mkristo mwenye bidii nyingi, baadaye aliacha kanisa, akaliacha hata jina la James alilobatizwa. Tunamleta kwa sababu utoto wake unafanana na wa watoto wetu.

Mwaka 1955 alipata nafasi katika shule ya Alliance, shule yenye sifa kuliko zote kwa Waafrika wa Kenya wakati ule. Vita vya Mau Mau vilikuwa vikiendelea. Kaka yake alikuwa msituni pamoja na wapiganaji. Ngũgĩ akamaliza muhula wa kwanza, akarudi nyumbani Limuru na sanduku lake, akakuta kijiji hakipo. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, watu wamehamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika kijiji kipya chini ya ulinzi wa askari. Ilibidi aulize ni wapi mama yake anakaa. Ni wangapi kati yetu waliorudi kutoka shule au soko na kukuta hivyo hivyo?

Humo shuleni akawa skauti. Katika kitabu chake kiitwacho In the House of the Interpreter, kilichotoka mwaka 2012, anasimulia maisha ya kuwa na sehemu mbili: ndani ya uzio wa shule kuna utulivu, ibada, vitabu na gwaride, nje ya uzio kuna vizuizi vya askari na msako. Sare ya kijana mwanafunzi na ya skauti ilikuwa kama kinga. Askari akimwona amevaa hivyo, humtazama kwa jicho jingine. Jina la kitabu limetoka kwa John Bunyan, katika ile hadithi ya msafiri wa Kikristo ambayo wachungaji wengi tumeisoma chuoni, mahali msafiri anapopumzika na kuonyeshwa mambo kabla ya kuendelea na safari ngumu.

Lakini tuone pia upande wa pili. Skauti wa makoloni waliahidi utii kwa Mungu na kwa mfalme au malkia wa Uingereza. Kijana yuleyule aliyekuwa na kaka msituni! Kiapo kilikuwa na mtu anayekidai, na mtu huyo ndiye aliyebomoa kijiji. Na kinga ya sare haikudumu. Mwaka 1959, baada ya kumaliza shule, bila sare tena, alikamatwa ndani ya basi, akawekwa mahabusu. Alijitetea mwenyewe mahakamani, kijana wa miaka 21, akaachiliwa, na mwaka huohuo akafika hapa Uganda kusoma Makerere. Kitambaa cha shingoni hakikumsaidia siku ile. Kilichomsaidia ni kwamba alikuwa amezoezwa kusimama mbele ya watu na kusema kwa mpangilio.

Sasa tazameni Danieli 1. Hawa ni vijana waliohamishwa na vita. Wamewekwa katika mafunzo ya miaka mitatu ya mfalme yuleyule aliyeuzingira mji wao. Wamepewa majina mapya. Wanakula kwa ratiba ya wengine. Danieli hakukataa mafunzo wala lugha ya Wakaldayo. Alikataa chakula, yaani alijua mpaka uko wapi. Na hakusimama peke yake. Walikuwa wanne, wakajaribiwa siku kumi kwa mboga na maji. Sisi wachungaji hupenda kuhubiri imani ya Danieli na kusahau wale watatu. Kijana mmoja angechoka siku ya tatu.

Yule binti wa 2 Wafalme 5 hata jina lake halikuandikwa. Alitekwa, akawa mtumishi wa nyumbani katika nchi ya adui, na neno lake dogo likamfikisha Naamani kwa nabii. Inaonekana kabla ya kutekwa kuna mtu aliyemfundisha habari za Elisha, na akamfundisha pia kwamba mtoto anaweza kusema jambo likasikilizwa. Zungumzeni hili nyumbani: mtoto wenu mara ya mwisho kusikilizwa na mkubwa ilikuwa lini?

Maoni yetu ni haya. Waliotoka vizuri katika vikundi hivyo hawakutengenezwa na hema wala filimbi. Mtu mkubwa aliwakabidhi kazi yenye maana, akawaweka wachache wachache, sita au wanane, wakiongozwa na mwenzao, na yeye akabaki karibu akiangalia. Makundi ya mauaji nayo yaliwakabidhi watoto wetu kazi. Ndiyo maana walifuata. Yaliwaambia: wewe ni mtu, tunakuhitaji. Kijana aliyekaa miaka minane makambini akingoja mgawo unaopunguzwa kila mara, hakuna aliyemwambia neno hilo. Atakayemwambia kwanza atakuwa naye, akiwa mwema au mbaya. Kwa hiyo kuwaficha watoto ndani hakutoshi, ingawa tunaelewa sana kwa nini wazazi wanafanya hivyo.

Tuliyapeleka haya kwa wazee na kwa wale vijana wawili, tukajadili kwa jioni mbili, na kwa ukweli jioni ya kwanza ilikuwa ya makelele. Tumekubaliana kwamba hakuna mtoto atakayeahidi utii kwa mtu yeyote, wala kwa kabila, wala kwa chama, wala kwa mchungaji. Hakuna fimbo mabegani kama bunduki, hata kwa mchezo. Mzazi yeyote anaweza kuketi uwanjani wakati wowote bila kuomba ruhusa. Watoto wa Kongo, Burundi na Rwanda watachanganywa katika kila kikundi kidogo. Wataanza na huduma ya kwanza, mafundo ya kamba, na kazi moja kila wiki: kuwatekea maji wazee wasio na watu, nyumba nne ambazo Mama Mchungaji ameziandika.

Jambo moja tulilolisoma lilitugusa kuliko mengine. Baden-Powell alihamia Nyeri, Kenya, mwaka 1938 akafa huko tarehe 8 Januari 1941. Juu ya kaburi lake kumechorwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ambayo skauti huiacha njiani kuwajulisha wanaofuata nyuma, maana yake ni kwamba nimekwenda nyumbani. Vijana walitaka kuwafundisha watoto alama za njia, na hiyo ikiwa mojawapo. Mzee mmoja, aliyeondoka kwao mwaka 1996, akaomba hiyo ingoje kwanza. Tukakubali, ingoje.

Kikundi kitakutana Jumamosi saa tisa mchana, kuanzia wiki ya pili ya mwezi. Mama yule aliyemwondoa mwanawe kwenye mstari amesema atakuja kuketi, lakini filimbi hataki kuisikia. Watoto wataitwa kwa ile rimu ya gari tunayoigonga kwa ibada.