Likizo ya karavani kwenye pwani ya Uingereza: yajue haya kabla hujalipa

Kila ifikapo Januari, wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili nchini Uingereza huanza kuulizana: watoto wakifunga shule, tutawapeleka wapi? Nauli ya kwenda Dar es Salaam au Mombasa kwa watu watano inameza akiba ya mwaka mzima, na hoteli za ufukweni za hapa hapa nazo hazishikiki. Waingereza wenye kipato cha kawaida wana jibu lao la miaka mingi, nalo ni kambi ya karavani ya pwani. Ni likizo nzuri kwa familia yenye watoto, na kwa kuwa unajipikia mwenyewe, inaweza kuwa nafuu kweli. Ila bei inayotangazwa mara nyingi siyo utakayolipa, na bahari ya huku haifanani na ile tuliyokulia.

Karavani ni nyumba ndogo iliyojengwa juu ya magurudumu. Ndani ina vitanda, jiko, sebule, choo na bafu. Ziko za aina mbili. Ya kwanza imeegeshwa kambini moja kwa moja, haihami. Wewe unakuja na mizigo yako tu, unapewa funguo na kuingia. Ya pili ni ndogo zaidi, inavutwa na gari lako mwenyewe, na kambini unakodi kiwanja tu cha kuiegesha. Kambi nyingi hukodisha pia viwanja vya mahema. Kwa anayeanza nashauri ile isiyohama. Mvua ya siku mbili ndani ya hema, na watoto wadogo, inaweza kumfanya mtu asirudi tena kambini maisha yake yote.

Angalia kwa makini idadi ya watu. Tangazo likisema karavani inalaza watu sita, mara nyingi maana yake ni vyumba viwili vidogo vya kulala, na wawili waliobaki watalala kwenye kochi la sebuleni linalokunjuliwa usiku. Mkiwa sita na mmoja wenu ni bibi au mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo, chukua ya vyumba vitatu. Uliza pia kama ina vipasha joto chumbani. Karavani za bei ya chini pengine zina kimoja tu sebuleni, na usiku wa Aprili pwani ya Uingereza ni baridi hasa.

Ni lini kuna unafuu? Kambi nyingi hufunguliwa Machi na kufungwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Bei hupanda kwa kufuata likizo za shule. Kwa makadirio, siku tatu au nne za mwanzo wa msimu, au mwisho wa Septemba, zinaweza kupatikana kwa paundi 150 hadi 300 kwa karavani nzima. Wiki moja ya Agosti, karavani hiyo hiyo inaweza kupita paundi 1,000. Kiwanja cha hema au cha karavani ya kuvuta huwa kati ya paundi 20 na 50 kwa usiku, na huzidi hapo katika kambi kubwa wakati wa Agosti. Wenye watoto ambao hawajaanza shule wautumie vizuri mwezi wa Juni na wa Septemba.

Wenye wanafunzi wasishawishike kuwatoa watoto shuleni ili kukwepa bei ya Agosti. England, tangu Agosti 2024, faini ni paundi 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, na inakuwa paundi 160 ukichelewa. Baba na mama wenye watoto watatu wanaweza kudaiwa paundi 480, na unafuu wote waliokuwa wanautafuta ukaishia hapo.

Sasa yale yanayoongezwa juu ya bei. Kambi kubwa zina bwawa la kuogelea, ukumbi wa burudani na michezo ya watoto, lakini pasi ya kuyatumia mara nyingi hulipiwa kando, kwa kila mtu. Mashuka huenda yamo, huenda hayamo. Taulo mara nyingi hazimo. Baadhi hutoza gesi na umeme, wengine hutoza kuchagua sehemu ya kambi unayotaka, na karibu wote huchukua dhamana ya uharibifu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, piga simu uwaambie: naomba jumla ya mwisho kwa familia yangu, pamoja na pasi, matandiko na dhamana. Waombe waiandike kwenye barua pepe. Hapo ndipo utakapoweza kulinganisha kambi moja na nyingine.

Matapeli nao wapo. Karavani nyingi ni mali ya watu binafsi wanaozikodisha wenyewe kupitia mitandao ya kijamii, na wengi wao ni waaminifu. Lakini wapo wanaochukua picha za karavani ya mtu mwingine, wakaweka bei ya kuvutia, kisha wakadai utume pesa benki leo hii kwa sababu eti kuna wengine wanaisubiri. Usitume. Tafuta mwenyewe namba ya mapokezi ya kambi hiyo, uulize kama karavani iliyotangazwa ipo na kama mwenyewe anaruhusiwa kuikodisha. Ukiweza, lipa kwa kadi ya mkopo: kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa ununuzi unaozidi paundi 100 hadi paundi 30,000.

Unabeba nini? Sufuria na sahani zipo, lakini sufuria ya kupikia wali wa watu wanane hutaikuta, hivyo beba yako. Beba pia taulo, sabuni, karatasi za choo, chumvi na mafuta ya kupikia, maana duka la kambini huwa ghali. Wanaokula nyama ya halali wasitegemee kuipata katika vijiji vya pwani. Nunua mjini kwenu, igandishe, iweke kwenye sanduku la kubebea vyakula vya baridi, na itadumu mpaka mfike kambini. Jiko la kuchomea nyama lililotumiwa na wengine huenda limechoma nguruwe, basi njoo na wavu wako au karatasi ya alumini. Wanaoswali wajue kuwa kibla kutoka Uingereza kiko upande wa kusini-mashariki, na kwamba kiangazi Isha huingia usiku sana. Ukuta wa karavani ni mwembamba na kambi nyingi hutaka utulivu kuanzia saa nne au saa tano usiku, kwa hiyo punguzeni sauti.

Ukiamua kuvuta karavani yako, sheria ni hizi. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya Uingereza ya gari la kawaida anaruhusiwa kuvuta tela la hadi kilo 3,500. Gari lako lenyewe huenda haliwezi uzito huo, kwa hiyo soma kitabu chake. Mwendo wa juu ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu za njia mbili zilizotenganishwa, na maili 50 kwenye barabara za kawaida, hata kama kibao kinaruhusu wengine kwenda zaidi. Kwenye barabara kuu yenye njia tatu au zaidi kila upande, usiingie njia ya kulia kabisa.

Kiwanjani utakuta kisanduku cha umeme chenye tundu la buluu. Hutoa ampia 10 au 16. Ampia 10 ni kama wati 2,300 tu, wakati birika la umeme la nyumbani hula hadi wati 3,000; ukiliwasha, umeme utakatika. Nunua birika dogo la safari. Waya wa kuunganishia ukunjue wote hata kama kisanduku kiko karibu, kwa sababu waya uliozungushwa kwenye kibiringo hupata moto na unaweza kuyeyuka. Maji machafu na choo cha kubebeka humwagwa mahali palipotengwa, kamwe si kwenye majani wala kwenye mfereji wa maji ya mvua.

Kuhusu moto nitasema kwa mkazo. Sote tumesikia habari za familia Afrika Mashariki zilizolala na jiko la mkaa ndani, asubuhi wasiamke. Jambo hilo hilo huua watu kwenye mahema na karavani hapa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata unapoonekana umezimika. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema wala barazani pake, hata kama mvua imewakuta na chakula hakijaiva. Nunua king'ora cha gesi hiyo, kile kidogo cha betri, ukiweke mnapolala. Wengi wenu mkipata kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje wote mara moja kisha piga 999.

Tuje kwenye bahari. Nachukua mfano wa Brean, kule Somerset, kijiji chenye kambi za karavani zilizopangana kando ya ufuko mrefu wa mchanga, karibu na barabara kuu ya M5. Aliyekulia Mombasa au Unguja anajua maji kujaa na kupwa, anajua na bamvua, siku zile za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo maji hupanda sana na kushuka sana. Kwetu tofauti hiyo hufika karibu mita 4. Katika mlango wa bahari wa Bristol, ambako Brean ipo, siku za bamvua hupita mita 10, na ni miongoni mwa tofauti kubwa kabisa duniani. Maji yakipwa Brean, hukimbia mbali hata usiyaone vizuri, na yanachoacha nyuma karibu na ukingo wa maji ni tope laini linaloshika miguu. Watoto huona uwanja wa kuchezea. Usiwaache wayafuate maji. Bakini kwenye mchanga mgumu wa juu, na kabla ya kushuka ufukweni tazama ratiba ya maji, ambayo utaipata mapokezi au kwenye simu.

Mtu akinasa, asijikurupushe kuvuta mguu. Aegemee nyuma, atanue mikono na uzito wake, atulie. Walio nje wasimfuate ndani ya tope, maana watanasa wao pia. Piga 999 na useme "Coastguard", ndicho kikosi cha uokoaji wa baharini. Karibu na hapo, Burnham-on-Sea, kuna waokoaji wa kujitolea wanaotumia hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya tope. Nao wanaokuja na gari, ambalo huruhusiwa kuegeshwa kwenye mchanga wa Brean kwa malipo, waliondoe saa walizoambiwa. Bahari haina subira na mwenye gari.

Baridi ya maji nayo isidharauliwe. Wastani wa joto la bahari kuizunguka Uingereza ni kama nyuzi 12. Hata Agosti mara nyingi halipiti nyuzi 18. Mtu akijitosa ghafla, mwili hushtuka, pumzi hukatika na huweza kuvuta maji mapafuni, hata kama anajua kuogelea. Ingieni taratibu. Ukizidiwa, lala chali, masikio yawe majini, elea mpaka pumzi irudi, ndipo uite msaada au uogelee. Ukivutwa na mkondo kuelekea kilindini, usishindane nao; ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke.

Chagua ufuko wenye walinzi, uogelee katikati ya bendera zenye rangi nyekundu juu na njano chini. Bendera nyeusi na nyeupe ni eneo la wapanda mawimbi. Nyekundu tupu maana yake usiingie. Mfuko wa rangi ya machungwa unaopeperushwa na upepo unamaanisha maboya na maboti ya kujaza hewa yasiingie majini, maana upepo wa kutoka nchi kavu humpeleka mtoto mbali kwa dakika chache.

Jambo moja la pesa limebaki. Mkiwa kambini mnafurahi, huenda mtu akawakaribisha chai na kuwaonyesha karavani ya kuuzwa, kwa mkopo. Msitie saini siku hiyo. Karavani hushuka thamani haraka, kiwanja chake hulipiwa maelfu ya paundi kila mwaka, kambi inaweza kuweka kikomo cha umri wa karavani, na kwa kawaida huruhusiwi kuifanya makazi yako ya kudumu. Chukueni mkataba nyumbani, mtafuteni wa kuwasomea.

Siku ya kuingia, ambayo mara nyingi funguo hutolewa kuanzia saa kumi jioni, piga picha za kila kitu kilichochanika au kupasuka na uzitume mapokezi jioni hiyo hiyo. Siku ya kuondoka, kwa kawaida mnatakiwa mtoke saa nne asubuhi: fagieni, osheni vyombo, toeni takataka, piga picha tena, rudisheni funguo mkononi mwa mhudumu. Dhamana hurudi baada ya siku kadhaa. Wakikata chochote, waandikie kuomba maelezo na picha zao, uambatanishe na zako.