Uchafu Una Njia Zake
Kijitabu cha afya ya mazingira kwa kaya

Sisi wanafunzi wa afya ya mazingira tunaanzishwa kwa maneno matatu: chanzo, njia, mtu. Kinyesi, moshi, vumbi la risasi na dawa ya kuulia wadudu vyote vinatoka mahali, vinasafiri, kisha vinamfikia mtu. Chanzo mara nyingi hakimo mikononi mwako. Bomba la mtaa si lako, gereji ya jirani si yako, bei ya gesi hupangi wewe. Njia ndiyo yako, hasa ile sehemu yake ya mwisho inayopita ndani ya nyumba, na kijitabu hiki kinahusu sehemu hiyo.

Nimekiandika nikiwa katika mafunzo kwa vitendo, nikizunguka na maafisa afya kwenye mitaa ya Dar es Salaam. Watu wakituona hukimbilia kwanza fagio. Wamemzoea bwana afya wa faini, anayefunga vibanda vya mama lishe, na ni kweli Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu hizo. Lakini yuko bwana afya mwingine, yule aliyeingia majumbani kwa redio mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Mimi namfuata huyo wa pili.

Maji kati ya bomba na kikombe

"Mwanangu, haya ni ya bomba, hayana wasiwasi," alituambia mama mmoja muuza uji. Tulipima. Dawa ya kipimo ikitiwa kwenye maji yenye klorini, maji hugeuka rangi ya waridi. Ya bombani kwake yaligeuka. Ya mtungini, yaliyochotwa bomba lile lile, yalibaki kama yalivyo. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa, na huisha upesi zaidi chombo kikiwa na utando ndani. Ikishaisha, kikombe kimoja kilichotumbukizwa kwa mkono wa mtoto aliyetoka chooni kinatosha kuharibu mtungi mzima.

Ndiyo maana mimi nazungumzia chombo kabla ya kuzungumzia dawa. Dumu la mdomo mwembamba ni salama kuliko ndoo iliyo wazi, kwa sababu mkono hauingii. Ndoo yenye mfuniko na koki ni bora zaidi. Kama uwezo ni wa ndoo ya kawaida, ifunike, na chota kwa kata yenye mpini mrefu inayotundikwa ukutani, isiyolala juu ya mfuniko wala sakafuni. Sugua chombo kwa sabuni kila kinapokwisha maji. Kukisuuza tu hakuondoi utando.

Kisha dawa. Ukichemsha, ngoja maji yatokote kwa mapovu makubwa, yaache dakika moja, epua. Wanaoishi juu ya mita 2,000 waongeze hadi dakika tatu, maana huko maji hutokota kwa joto dogo zaidi. Kuyachemsha dakika kumi au ishirini ni kuunguza mkaa bure, na nadhani ushauri huo wa zamani umewafanya wengi waache kuchemsha kabisa kwa kuogopa gharama. Ubaya wa kuchemsha ni kwamba hakuachi ulinzi wowote nyuma: maji yakishapoa, mkono mchafu unayachafua upya. Klorini ya nyumbani, ya maji au ya vidonge, inabaki ikilinda. Fuata kipimo cha kwenye kifungashio, koroga, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kwa sababu tope hula dawa.

Kuhusu kisima, vitabu vyetu vinasema kikae mita 30 au zaidi kutoka chooni. Katika mitaa ambayo paa linagusana na paa, mita hizo hazipo, na kumhubiria mtu habari zake ni kumpotezea muda. Hapo ushauri wangu ni mfupi: maji ya kisima hicho ni ya kufulia na kudekia. Ya kunywa yatafutwe kwingine, au yatiwe dawa kila siku bila kuruka.

Choo, masika na vidole

Kinyesi humfikia mtu kwa maji, kwa vidole, kwa nzi, kwa udongo na kwa chakula. Choo kizuri huzifunga njia nyingi kati ya hizo kwa mkupuo. Kinachotuumiza mijini ni choo kilichojaa. Masika yakianza, wapo wanaotapisha choo: wanatoboa shimo pembeni usiku ili mvua ichukue. Mvua inachukua kweli, inapeleka mlangoni kwa jirani, kwenye kisima chake na kwenye tope ambalo watoto wa mtaa mzima watachezea asubuhi. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea karibu nchi nzima, na makumi ya maelfu ya watu wakaugua kabla hakijatulia. Anayetapisha choo anakifungulia barabara. Kaya zinazochangia shimo moja ziweke fedha kidogo kidogo tangu kiangazi, ziite gari la kunyonya majitaka kabla ya mawingu. Gari likishindwa kupita kwenye uchochoro, muulizeni afisa afya wa kata kuhusu mashine ndogo za kusukumwa kwa mkono.

Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, si kwa beseni moja wanalochovya watu sita. Kibuyu chirizi kinatosha: dumu dogo lililotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Kitundikwe karibu na choo. Kikiwa mbali, mtu anatoka, anakitazama, anapita.

Mtu akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi mapema. Pakiti za dawa zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Mtoto akafuatiliwe kituoni apate na vidonge vya zinki. Kinyesi kikiwa cheupe kama maji ya mchele, usisubiri kuche: mpeleke, huku ukimnywesha njiani.

Jikoni

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani. Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034. Ni jambo jema. Lakini mama anayenunua mkaa kwa kopo anajua bei ya mtungi wa gesi kuliko mimi. Wakati anaungojea, moshi nao unakatwa njia: pika nje au chini ya kibanda chenye pande wazi, tumia kuni kavu, funika sufuria, loweka maharage tangu jana yake ili moto uwake muda mfupi. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto.

Jambo moja naomba lisomwe mara mbili na watu wa Njombe, Makete, Mbeya na kokote kwenye baridi. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na watu hudhani umekuwa salama. Unatoa gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Ukiingiza jiko chumbani, ukafunga mlango na dirisha, mnaweza kulala msiamke. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa chumbani kwa pamoja ni ishara: tokeni nje mara moja. Jiko lilale nje, hata kama ni Julai.

Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili. Kiporo kipashwe moto hadi kitoe mvuke, kisiwe vuguvugu. Mahindi na karanga vianikwe juu ya turubai, mbali na udongo, vikauke kabisa kabla ya kuingia ghalani au kwenye mifuko ya kinga njaa. Sumu ya ukungu, yaani sumukuvu, haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zenye ukungu zitupwe, wala asipewe kuku.

Mbu wa mchana

Chandarua tumekizoea, kinamzuia mbu wa malaria usiku. Mbu wa dengi huuma mchana, tena hupenda maji masafi yaliyotulia: tairi la zamani, kopo, pipa, kisahani cha ua, trei iliyo nyuma ya friji. Dar es Salaam ilipigwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mara moja kwa wiki mwaga maji hayo na usugue kuta za chombo, kwa kuwa mayai hung'ang'ania ukingoni na huweza kukaa makavu miezi yakisubiri maji. Homa ikikupata wakati wa mlipuko, tumia parasetamo na uende kupimwa. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziache, zinaongeza hatari ya kutokwa damu.

Kazi inaporudi nyumbani

Hapa ndipo nilipojifunza mengi, na ndipo vijitabu vingi hupita haraka. Baba anarudi kutoka gereji, kwenye rangi, kwenye betri chakavu au shambani, watoto wanamrukia. Walichokumbatia ni ovaroli.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014, na vumbi la madini ya risasi likaingia katika nyumba zilizokizunguka. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa hapo, alianza kupaza sauti baada ya mtoto wake kukutwa na risasi mwilini. Alitunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi kuliko mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo polepole, bila homa, na mzazi huona tu kwamba mtoto anashindwa shule.

Kwa hiyo nguo za kazi zivuliwe kazini, au mlangoni, ziwekwe kwenye mfuko wake. Zifuliwe peke yake, na anayezifua azilowanishe kabla ya kuzikung'uta. Viatu vibaki nje. Oga, kisha beba mtoto. Anayepuliza dawa shambani afuate utaratibu huo huo; barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa dawa. Dumu la dawa lisuuzwe, litobolewe ili lisichotewe maji tena. Dawa wala mafuta ya taa visitiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwa sababu yakipanda yanaingia mapafuni. Mkimbize kituo cha afya na uende na chupa yenyewe.

Kwa wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya: zebaki isichomwe ndani ya nyumba, wala kwenye chombo cha kupikia. Mvuke wake hauonekani na hauna harufu, na mjamzito huupitisha kwa aliye tumboni.

Njia ikikushinda

Yapo mambo yasiyokatwa na kaya moja. Mtaro wa majitaka uliopasuka, kiwanda kinachofuka usiku, watu watatu wa mtaa mmoja kuharisha siku moja: peleka taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa afya wa kata. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Taja mahali, siku ulipoanza kuona, na idadi ya walioathirika. Taarifa yenye mambo hayo hufuatiliwa kwa urahisi zaidi kuliko malalamiko ya jumla.