Kutoka Baiskeli Hadi Pikipiki Kubwa

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtu mzima aliyeendesha baiskeli miaka mingi na sasa anataka pikipiki yenye nguvu, si ile ya cc 125 iliyojaa kila kijiwe cha bodaboda. Hatukukatazi. Unajua mengi ambayo kijana anayeanza hayajui: kuuona mchanga kwenye kona kabla ya kuufikia, kukaa mbali na mlango wa gari lililoegeshwa, kutoamini kwamba dereva wa daladala amekuona.

Lakini mwili wako una mazoea mengine yatakayokuponza, na la kwanza ni mkono wa kushoto. Kwenye baiskeli mkono huo unashika breki. Kwenye pikipiki unashika klachi. Mbuzi akikatiza ghafla utabana mikono yote miwili bila kufikiri. Wa kushoto utaitenga injini na tairi tu. Wa kulia, ukibana kwa hofu, unaweza kuifunga tairi ya mbele na kukuangusha. Breki ya nyuma, ambayo wengi huisahau, iko chini ya mguu wa kulia. Kwa hiyo anzia kwenye uwanja mtupu ukiwa na mkufunzi. Bana breki ya mbele taratibu kisha ongeza, huku mguu ukikanyaga kwa wepesi, na urudie hadi mwili ukubali. Pikipiki yenye ABS, yaani breki zinazozuia tairi kufunga, inastahili fedha ya ziada. Kwa mwanafunzi mwenye mazoea ya zamani, sisi tungeiweka ABS mbele ya ukubwa wa injini.

Kona unazijua, ila hujui kwamba unazijua. Ukitaka kwenda kulia kwa mwendo wa kasi, unausukuma kidogo mshiko wa kulia, na chombo kinalalia upande huo. Baiskeli ya kilo 15 inafanya hivyo bila wewe kutambua. Ya kilo 200 lazima uisukume kwa makusudi.

Sasa nguvu. Mwendesha baiskeli mwenye mazoezi mazuri anatoa takriban wati 200 kwa muda mrefu, yaani kama robo ya nguvu farasi moja. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 inatoa takriban 24. Honda CB500X inakaribia 47. BMW R 1250 GS inapita 130 na uzito wake ni karibu kilo 250. Muuzaji atakuambia, “Mzee, hii ya mwisho ndiyo ya hadhi yako.” Mwache aseme. Kasi ikiongezeka mara tatu, kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 75, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara tisa, na macho yako yamezoea 25.

Kwa maoni yetu, injini ya cc 250 hadi 500 inatosha kabisa: inapanda mlima wa Kitonga bila kuhema, na haikurushi mbele kwa kosa dogo la mkono wa mafuta. Ulaya nako leseni ya ngazi ya kati, A2, inaishia kilowati 35, sawa na nguvu farasi 47 hivi. Epuka pikipiki za mashindano za cc 600 hata kama cc zinaonekana chache. Nguvu zake huja kwa kishindo.

Dukani usianze na bei. Kaa juu yake, nyayo za mbele za miguu yote miwili ziguse chini. Isukume kurudi nyuma ukiwa umekaa. Ikikushinda kwenye sakafu laini, kwenye changarawe itakulalia. Ulizia pia vipuri, kwa kuwa pikipiki isiyo na spea mjini kwako itaegeshwa miezi.

Weka kando fedha ya helmeti inayofunika uso wote, yenye alama ya E ndani ya duara, na ya glavu, jaketi na viatu vinavyofunika vifundo. Leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki. Tanzania unahitaji daraja A. Lipate kabla ya kulipia chombo, kisha bima.