Haki ya Mtoto Aliyekosewa na Tabibu

Ndugu msomaji, katika amana ambazo wazazi wataulizwa mbele ya Mola wao imo moja isiyokumbukwa sana, nayo ni haki ya mtoto mdogo aliyepata madhara kwa sababu ugonjwa wake haukutambuliwa. Somo letu la leo ni hilo.

Na tuweke mfano mahali ambapo jambo hili si gumu kutokea. Awasi ni mji mdogo wa uwanda wa Kano, katika njia itokayo Kisumu na Ahero kwenda Kericho. Upande huo wa Ziwa ni miongoni mwa pande za Kenya zenye malaria nyingi kabisa. Tuseme mtoto wa miaka mitatu ameshikwa na homa na degedege. Damu yapimwa, vijidudu vya malaria vyaonekana, apewa dawa ya malaria. Siku ya tatu homa haijashuka na shingo imekakamaa, naye angali akipewa dawa ile ile. Mwishowe yajulikana kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Mtoto aokoka, lakini hasikii tena. Baba na mama wauliza: tushitaki, au tuseme ni kadari tunyamaze?

Kuamini kadari ni nguzo ya imani, wala hakuna mwenye shaka nayo. Lakini kadari haikufuta dhamana. Sharia imemtoza dia mwenye kuua kwa bahati mbaya, na hali kila ajali imekwisha kuandikwa. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo, Mtume (s.a.w.) amemtia katika dhamana yule anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu. Basi anayewaambia wazazi hawa kwamba kudai ni kupingana na Mungu, amewafundisha lisilokuwamo katika dini.

Wengine husema, “Sameheni, msamaha ni bora.” Ni kweli, lakini ni bora kwa mwenye haki. Masikio yaliyopotea si ya baba wala si ya mama. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakumruhusu walii kuitoa bure mali ya mtoto, na fidia ya kiungo cha mtoto ni mali yake. Baba anayepokea shilingi chache katika bahasha, akatia saini kuwa yamekwisha, ametoa asichokimiliki. Sulhu yajuzu, ila iwe na maslaha ya mtoto. Na ajabu ni kwamba kanuni za mashauri ya madai za Kenya zakubaliana na jambo hili: shauri la mtoto likiwa mahakamani, anayesimama kwa niaba yake hawezi kulimaliza kwa sulhu bila ya idhini ya mahakama.

Lakini si kila kosa ni hatia. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, amewagawa matabibu mafungu matano. Mjuzi aliyetimiza haki ya kazi yake hana dhamana hata kiungo kikiharibika. Mjinga aliyewadanganya watu ana dhamana. Mjuzi aliyejitahidi akakosea katika dawa, mgonjwa akafa, kwake zimepokewa kauli mbili: dia itoke katika Baitulmali, au itolewe na jamaa za tabibu. Katika kauli zote mbili hakuna inayowarudisha wenyewe mikono mitupu.

Mahakama za Kenya hufuata kipimo cha Kiingereza cha shauri la Bolam la mwaka 1957: tabibu hupimwa kwa ujuzi wa kawaida wa watu wa kazi yake. Na mwaka 1974 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la mtoto mdogo na hospitali, ilieleza kwamba mwenye kazi ya ujuzi yapasa awe na ujuzi na uangalifu, lakini sheria haimfanyi mdhamini wa kila mtelezo.

Sasa tumrudie mtoto wetu. Katika nchi ya malaria, mtoto aweza kuwa na vijidudu katika damu na homa yake ikawa ni ya ugonjwa mwingine. Kwa hiyo tabibu wa siku ya kwanza huenda hana lawama. Swali ni la siku ya tatu: shingo ilipokakamaa, alimtazama upya? Alitaka maji ya uti wa mgongo yapimwe, au alimpeleka hospitali kubwa? Na liko swali la pili, zito zaidi: homa hii huweza kuleta uziwi hata ikitibiwa mapema. Wazazi watatakiwa kuthibitisha kwamba kuchelewa ndiko kulikoleta madhara. Kumtangaza tabibu sokoni kabla ya hayo kujulikana ni dhuluma.

Basi na waanze kwa kuomba nakala za karatasi za matibabu, kwa adabu na kwa maandishi, kisha wamwonyeshe tabibu mwingine mjuzi wa watoto. Lalamiko juu ya daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na juu ya afisa wa kliniki kwa baraza lao wenyewe. Kwa Kadhi wasiende: Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imemwachia nikaha, talaka, mirathi na hali ya mtu tu, baina ya Waislamu. Fidia ni ya mahakama za kawaida, na kudai haki humo si aibu. Wala wasikawie kumwona wakili, kwani muda wa madai ya madhara kwa kawaida ni miaka 3, na juu ya Serikali ni miezi 12.

Fedha zikipatikana, ziandikwe katika daftari kwa jina la mtoto: vifaa vya kusikilizia, shule ya viziwi, mafundisho ya lugha ya ishara kwake na kwa nduguze. Baba asizijengee nyumba, wala asizifanye mtaji wa duka.