Ushauri: Kijana ninayemwangalia anataka kwenda dukani, mama yake hataki

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Mbagala. Jioni tatu kwa wiki nakaa na B., kijana wa miaka 22 mwenye ulemavu wa akili, wakati mama yake yuko gengeni. Mama hataki B. atoke nje. Hata mimi nikitoka kidogo ananiambia nifunge kufuli, kwa sababu B. ana kifafa na aliwahi kudhulumiwa chenji. Lakini B. anapenda sana kutoka, kwa hiyo nampeleka dukani kwa siri, ananunua mkate mwenyewe. Siku hizi mama ananiachia na nguo za nyumba nzima nifue, na malipo hatukuwahi kuyapanga. Niendelee au niache? – K.J.*

Marahaba, mwanangu K.J. Wengi wa rika lako wangemkalisha B. mbele ya televisheni mpaka mama arudi, wakachukua chao wakaondoka. Wewe umeona kuwa huyo ni mtu mzima mwenye hamu zake. Hilo nakupa, kabla sijakugombeza.

Mama huyu si mkatili

Amemlea B. miaka 22, wewe umeingia juzi. Kifafa kikimshika mtu kando ya barabara, katikati ya bodaboda na daladala, wapo wanaomkimbia wakidhani povu linaambukiza, na wapo wanaotumbukiza kijiko mdomoni wakidhani wanaokoa. Mama anayajua hayo. Kufuli lake ni la hofu.

Lakini hofu yake haifanyi kufuli liwe salama. Jiko likishika pazia, nani atamfungulia? Kifafa kikimpata akiwa amefungiwa peke yake, nani atamlaza ubavu? Kwa hiyo hili usilikubali hata kwa dakika tano: ukitoka, toka naye, la sivyo usitoke.

Siri itawageuka wote wawili

Jambo ulilolifanya ni jema, njia ndiyo mbaya. Siku B. atakapoanguka pale dukani, mama atazisikia habari kwa jirani kabla hujafungua mdomo. Wewe utafukuzwa, utapata kibarua kingine. B. ataongezewa kufuli la pili, na msaidizi atakayekuja baada yako ataambiwa kisa chako siku ya kwanza.

Kuna baya kuliko hilo. Umemzoesha B. kwamba mtu anayemwangalia anaweza kumwambia, “Usimwambie mama.” Wewe ulikuwa na nia safi. Je, kesho akija mwenye nia chafu na maneno hayohayo, B. atawatofautishaje? Vijana kama yeye hudhulumiwa mara nyingi na watu wa karibu, na siri ndiyo mlango wanaopitia. Ufunge mlango huo wewe uliyeufungua.

Kaeni watatu

Mwambie mama ukweli, tena B. akiwepo. Asiyekuwepo na lake halipo, na watu wenye ulemavu wa akili wameamuliwa mambo yao chumba cha pili kwa muda mrefu mno. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 19 kinasema wana haki ya kuishi ndani ya jamii kama wengine. Sikwambii ukamsomee mama sheria. Ataona umekuja na wakili. Mpe mpango.

Chagueni duka moja, lile ambalo mwenye duka anamjua B. na ameelezwa. B. ashike noti moja anayoijua kwa rangi. Noti kubwa, ule wekundu wa Msimbazi, ibaki nyumbani. Siku za mwanzo mama mwenyewe atembee nyuma yenu aone. B. ndiye aombe, alipe na apokee chenji. Akikosea, mwache kwanza ajaribu kusahihisha. Ukimnyang’anya noti ulipe wewe kwa sababu foleni ni ndefu, umemfundisha kwamba hawezi.

Kuhusu kifafa, muulize mama dawa zake ni zipi na saa ngapi, maana dozi ikirukwa kinaweza kurudi. Kikimshika, ondoa vitu vigumu karibu yake, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, tazama saa. Usimkandamize, usimtie chochote mdomoni. Zikipita dakika tano hakijaisha, au kikirudia kabla hajazinduka, ni hospitali.

Hizo nguo sasa

Hapa uso wako utaona haya, lakini sema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, ujira kiasi gani. Karatasi moja ya daftari yenye sahihi mbili inatosha kuanzia. Mama wa genge hana fungu kubwa, nawe usimkamue. Kidogo mlichokubaliana kinazidi kikubwa unachokisubiri kwa kinyongo. Nguo za B. fueni pamoja, wewe na yeye, kwani kufua ni sehemu ya kumfundisha kujitegemea. Za nyumba nzima si kazi uliyoitiwa, na ukiwa umeinamia beseni, B. yuko na nani?

Akikataa

Akikataa duka tu, endelea. Zungukeni uani, pikeni, hesabuni pesa mezani, kisha umuulize tena baada ya mwezi. Akishikilia kufuli, acha kazi, na umweleze sababu bila ukali. Lakini usipotee ghafla. Mwambie B. kwa mdomo wako kwamba unaondoka, mwonyeshe siku ya mwisho kwenye kalenda, muage. Watu wengi wamepita maishani mwake bila kumuaga.

Zungumza na mama kabla ya zamu yako ijayo. Dukani msiende tena mpaka awe amejua.