SOMO LA SAYANSI: HEKSANI NA UA LA PARETO



Wengi wetu huku sehemu za baridi za Ludewa tunaijua pareto. Tunachuma maua, tunakausha, tunauza. Lakini kiwandani Mafinga, mkoani Iringa, dawa ya kuua wadudu inatolewaje ndani ya ua?

Dawa hiyo inaitwa pairethrini. Haiyeyuki vizuri katika maji. Ukiloweka maua, dawa nyingi itabaki mlemle. Ni kama grisi mkononi: maji matupu hayaitoi. Inatakiwa heksani.

Heksani ni nini?

Heksani hutokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, kama petroli. Haina rangi. Ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea juu yake. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za joto, heksani kwenye nyuzi 69 tu.

Kazi yake

Maua makavu husagwa. Heksani hupitishwa katika unga huo, nayo huyeyusha dawa na kutoka nayo. Kisha hupashwa joto. Heksani hugeuka mvuke, dawa inabaki. Mvuke ukipozwa huwa heksani tena, ikatumika upya. Viwanda vingi duniani hutoa mafuta ya soya kwa njia hiyo.

Lakini tukumbuke: heksani haiongezi dawa, inatoa iliyomo tu. Ua lililovunda kwa unyevu, au lililoungua kwa moto mkali wakati wa kukausha, limekwisha kupoteza dawa. Kazi nzuri inaanza kwa mkulima.

Hatari zake

Mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukute moto, ukalipuka. Petroli nayo ni hivyohivyo. Basi tusiweke petroli ya pikipiki ndani ya nyumba, wala karibu na koroboi au jiko, hata kama moto uko mbali kidogo.

Gundi nyingine za viatu zina heksani. Mtu akivuta mvuke wake kila siku kwa muda mrefu, mishipa ya fahamu huharibika. Miguu na mikono hufa ganzi, nguvu hupungua. Fundi viatu afanyie kazi nje, penye hewa.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini maji hayafai kutoa dawa ya pareto?
2. Kijijini kwetu petroli inawekwa wapi? Je, ni salama?
3. Tufanyeje ili maua yetu yasivunde wakati wa mvua?